Vyote Viliitwa Sifuri

Vilifika Goma vitatu ndani ya boksi moja,
vimeviringishwa kama mayai ya bata,
na vyote, tangu kiwandani, viliitwa Sifuri.

Sikulijua hilo.
Ningelijua, nisingepoteza asubuhi nzima
nikipiga magoti juu ya mawe ya lava
nyuma ya shule, huku Mugunga,
pale ambapo mbuzi wa direkta alilala Jumatatu
akakutwa Jumanne, mdomo wazi, bila jeraha.

Mazuku haina harufu. Haina rangi.
Hujaa mashimoni kama maji yasiyolowesha.
Mtu mzima hupita juu yake akipiga mluzi;
aliyeinama kuokota mpira ndiye hainuki.

Ndiyo maana vihisi nilivifunga kwa ngazi kwenye nguzo:
kimoja usawa wa kifundo cha mguu,
kimoja usawa wa goti,
cha tatu kwenye kifua cha mtoto wa darasa la kwanza.
Nilimwomba Nsimire asimame wima, nipime.
Alisimama kama anayepigwa picha.

Nyaya tatu kwa kila kimoja:
nyekundu ya nguvu, nyeusi ya ardhi, nyeupe ya maneno.
Nyeupe zote nikazibana kwenye skrubu moja
ya kisanduku kinachonasa hesabu,
maana sikio lake ni moja tu.

Nikauliza: Sifuri, hewa ikoje?
Vikajibu vyote, kwa mpigo.
Kwenye kioo ikatoka alama ya kuuliza,
vijiboksi vyeusi, herufi isiyo ya lugha yoyote.
Nikakaza skrubu. Nikabadili betri.
Nikamtukana aliyechora mchoro.
Nikamwaga chai.

Ndipo ng'ambo ya ukuta mama mmoja akaita,
"Kambaleee!"
na vijana watatu wakaacha mpira, wakageuka pamoja.
"Si wewe! Wa Mama Kanyere!"

Nikabaki na bisibisi hewani.

Kwetu Wanande jina ni zamu ya kuzaliwa:
Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne,
na mtaa mmoja una akina Kambale
wa kujaza lori la Butembo.
Hatugombani. Tunaongezea:
Kambale Mrefu, Kambale wa fundi viatu.
Mimi mwenyewe ni wa tano. Katembo wa Waya.

Nikavichomoa vyote.
Nikarudisha kimoja, peke yake, nikakiandikia amri:
kuanzia leo wewe si Sifuri, wewe ni Mbili.
Kikakubali kwa tarakimu moja.
Halafu Tatu. Halafu Nne.
Na kwa wino mzito, kwenye maganda yao:
Kambale kifuani, Kasereka gotini,
Kakule chini kabisa,
maana mdogo ndiye hutambaa.

Sasa kila robo saa kisanduku huita.
Kambale? Yupo. Sifuri nukta sifuri sita.
Kasereka? Yupo. Moja na nusu.
Kakule huchelewa kidogo, kama aliyetoka usingizini.
Alfajiri, kabla jua halijagusa majani,
husema: kumi na moja kwa mia,
na taa nyekundu huwaka getini,
na Balume mlinzi huwarudisha watoto barabarani
kwa fimbo ambayo hajawahi kumpiga nayo mtu.

Jana Balume aliniuliza,
"Na kama hakuna mwenye anajibu?"
Huita mara tatu, nikamwambia.
Kisha huandika kutoa tisa, tisa, tisa, tisa,
na saa, na dakika, kikaenda kwa anayefuata.
"Hakiachi nafasi wazi?"
Hakiachi.

Dirishani, mwalimu alikuwa katikati ya orodha yake.
Aliita jina. Akangoja kidogo. Akaita la pili.

"Ni vizuri iko inaita mara tatu," Balume akasema,
akaenda kufunga geti,
ingawa saa ilikuwa haijafika.